Mti Uliofunikwa Kitenge

Watu wa Fridley, Amerika, waliomzoea Goretti walikuwa na adabu moja: hawakumwambia mapema kwamba wanakwenda kumtembelea. Ukimwambia mapema umemtafutia ugonjwa. Atafua mapazia, atasugua kochi, atasogeza friji apate kufagia nyuma yake, utadhani mgeni anakuja kukaa nyuma ya friji. Ukifika unamkuta hoi bin taabani, kochi lenyewe bado bichi huwezi kulikalia, naye amesimama mlangoni anakuomba radhi kwa uchafu.

Hakuyaanzia Amerika hayo. Alizaliwa kwenye milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa mama ambaye binti zake walifagia uwanja kabla hawajapewa hata chai. Vita vilipowakimbiza wakavuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, Goretti aliwasili na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na kitu cha kwanza alichotengeneza mbele ya hema lake hakikuwa jiko, kilikuwa ufagio. Majirani walimcheka. Hema la msaada, ardhi ya wenyewe, unafagia umpokee nani? Akawajibu kwamba mgeni hana tarehe. Basi akafagia miaka yote ya kambi. Waliokuja ni watu wa mashirika, wakahesabu vichwa wakaondoka, na hata maji ya kunywa hawakuomba.

Sasa anafanya kazi katika hoteli moja ya Bloomington, si mbali na lile duka kubwa ambalo watu hupanda ndege kuja kulitembelea. Anatandika vitanda, anang'arisha mabafu, na kila akimaliza anakunja ncha ya karatasi ya chooni iwe pembetatu, kama hoteli inavyotaka. Tabia hiyo ameileta mpaka nyumbani. Mumewe Eliezer, anayeendesha folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kiwandani, husema karatasi ya choo ya kwake ina nidhamu kuliko watoto aliozaa.

Lakini kitu alichokipenda Goretti kuliko vyote kilikuwa shamba. Walilikodi kwa mzee mmoja Mmarekani aitwaye Rodney, katika kaunti ya mashambani, mwendo wa kama saa moja kusini mwa mji wa Inver Grove Heights. Mkulima wa huko angeliona angeliita bustani ya maua. Kwa Goretti lilikuwa nchi nzima. Alipanda lengalenga, yaani mchicha wa kwao, maharage, biringanya chungu na mahindi meupe, na siku zake za mapumziko, badala ya kupumzika, alikuwa huko ameinama. Kambini walikatazwa kulima. Fridley wanaishi ghorofa ya tatu, hata kitunguu ni cha kununua. Ardhi hii ilikuwa ya kwanza kushika mikononi tangu ujana wake, na mara nyingine aliushika tu udongo akaukaza kiganjani, bila sababu, akiwa na furaha.

Mwezi wa saba ikapita dhoruba.

Walipofika shambani kesho yake, Eliezer alizima gari akashika tama. Mabati ya ghala la jirani yalikuwa yametawanyika kwenye mahindi. Kulikuwa na matawi kila mahali, bwawa la plastiki la watoto kuogelea, na trampolini, kile kitanda cha chuma ambacho watoto wa Kimarekani hurukia, imepinduka miguu juu. Katikati ya matuta ya maharage kilisimama choo cha plastiki cha bluu, vile vya mafundi wa ujenzi. Kilisimama wima kabisa, mlango umefungwa, kana kwamba aliyemo ndani amekuja nacho na bado hajamaliza. Na kule mpakani mti mkubwa ulikuwa umeangukia uzio ukaulaza chini sehemu ndefu, na kulungu walikuwa wameshaingia wanakula lengalenga bila wasiwasi wowote.

"Yesu wangu," alisema Goretti. "Kuko choo kwenye maharage!"

Mzee Rodney alikuja na gari lake la mizigo, akavua kofia, akawapa pole. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Uzio ulikuwa jukumu la aliyekodi, ndivyo walivyoelewana. Ukisimama kabla ya majani kupukutika, shamba ni lao mwakani na miaka mingine. Usiposimama, atampa jirani apande soya, maana soya haina haja ya uzio. Halafu akawaambia habari njema: serikali ina msaada wa dharura kwa wakulima walioharibiwa ardhi na dhoruba. Husaidia kuondoa takataka, husaidia kujenga uzio upya. Wapige simu ofisi ya kilimo ya kaunti.

Goretti hakujua kwamba serikali inaweza kumlipa mtu kwa kuangukiwa na mti. Alilia kidogo kwenye gari, na hakulilia maharage. Alililia soya ya watu wengine aliyoiona tayari imeota mahali pake.

Eliezer alipiga simu. Akaipokea kijana aitwaye Ian, mpole, anayesema polepole kama mtu aliyewahi kuzungumza na wageni. Akamweleza Eliezer mambo mengi, lakini moja alilirudia: wasiguse kitu. Atakuja mwenyewe Alhamisi kuona uharibifu ulivyo. "Mkisafisha kabla sijaona," alisema, "siwezi kuandika kwamba nimeona."

Eliezer akamfikishia mkewe neno kwa neno, akaongeza na kidole.

"Mama Rachelle, weye unanisikiliza? Hapana kugusa. Hata tawi. Hata jani!"

"Nimesikia, Baba Rachelle. Miye si mtoto."

Na alikuwa amesikia kweli, na alielewa kila kitu. Taabu ni kwamba alikuwa amesikia pia neno jingine: mgeni anakuja. Si mgeni wa kuazima chumvi, mgeni wa serikali. Katika maisha yake yote ya kufagia, huyu ndiye wa kwanza kusema, "Mama, nakuja kwako, siku fulani." Na akija aone nini? Choo kwenye maharage!

Jumanne Eliezer akiwa kiwandani, Goretti alichukua gari akaenda shambani. Kuangalia tu. Kusimama tu. Alikizunguka kile choo akawaza: mgeni anatoka mbali, mgeni anaweza kubanwa. Kufungua mlango si kugusa. Akafungua, akaufunga upesi, akaenda kwenye gari kuchukua maji na sabuni. Hakuhamisha choo, la hasha. Alikiosha tu, nje na ndani, akatundika karatasi mpya, akakunja ncha yake pembetatu.

Tatizo la usafi ni kwamba hauna breki. Choo kiking'aa, njia ya kwendea chooni inaonekana chafu. Akaondoa matawi ya njiani tu, mgeni asijikwae. Njia ikanyooka. Pembeni ya njia lile bwawa la plastiki likamkodolea macho. Akaliondoa hilo moja tu. Alipoondoka jioni hakuhisi amevunja amri. Alihisi ameilegeza kidogo.

Jumatano Ian akapiga simu: dhoruba imeharibu wengi, anaomba aje Alhamisi ya wiki inayofuata. Eliezer akasema hakuna shida. Goretti aliposikia aliketi chini. Wiki nzima! Mtu anawezaje kuacha nyumba chafu wiki nzima na mgeni ameshabisha hodi?

Hapo ndipo alipoteleza vibaya. Kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi, Mama Uwimana, kiongozi wa akina mama, mwanamke wa sauti ya kwanza na maoni ya kwanza, alimuuliza mbona ana sura ya msiba. Goretti akasema serikali inakuja kumtembelea shambani, na shamba halitazamiki. Alikuwa na nafasi nzuri ya kuongeza kwamba amekatazwa kusafisha. Nafasi ilikuja, ikasimama mbele yake, akaiangalia mpaka ikapita.

"La honte! Aibu!" alipiga kelele Mama Uwimana. "Dada yetu apokee serikali katika takataka, na shiye tuko hapa tunaimba? Mais non, hapana! Salongo!"

Salongo kila aliyekulia Kongo anaijua. Ni kazi ya pamoja: watu wote, mafagio na majembe, na asiyekuja atasemwa mpaka Krismasi. Basi Alhamisi asubuhi, Eliezer akiwa kazini, amepanga kuomba ruhusa mapema ili amlaki mgeni, akina mama wa kwaya wakashuka shambani kama jeshi. Mume wa Uwimana, Ntwali, alikuja na gari la mizigo akapeleka mabati na matawi jalalani. Trampolini ilipinduliwa, ikafutwa, ikawekwa kando. Mama Euphrasie, mwenye miaka yake mingi na magoti mabovu, akajaribu kuikalia na hakuweza kuteremka mpaka waliposhikana kumvuta. Waliimba, wakafagia. Walifagia shamba, jamani, hata katikati ya matuta, kwa mafagio. Udongo ukabaki na mistari mizuri kama nywele zilizochanwa.

Mti tu ndio uliowashinda. Waliusukuma kwa wimbo wa haraka, wakausukuma kwa maombi, haukutikisika. Mama Uwimana akautazama kwa dharau.

"Kisichoondoka kinafunikwa," alisema.

Wakatoa vitenge kwenye magari, vya kijani na vya manjano, wakaufunika ule mti na uzio wake uliolala, kwa urefu wote. Na kwa kuwa ulikuwa na kimo cha meza na umetandikwa vizuri, wakaweka juu yake sahani, bugali umefungwa kwa kitambaa usipoe, sombe ya majani ya muhogo, samaki, sambusa, na soda. Goretti alisimama akapatazama mahali pake. Palikuwa pazuri mno. Alijua amekosea, na moyo ulikuwa umemjaa furaha mpaka anaona haya.

Eliezer alifika nusu saa kabla ya mgeni. Aliteremka garini, akatembea hatua chache, akasimama. Akarudi mpaka getini akaangalia kama amekosea shamba.

"Iko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Uharibifu yangu iko wapi?"

"Baba Rachelle, karibu chakula."

"Goretti!" Siku Eliezer anapomwita mkewe kwa jina, ujue maji yamezidi unga. "Atakuja kuona nini? Atakuja kuona usafi? Serikali inalipa usafi?"

"Bora lawama kuliko fedheha," alijibu Goretti.

Eliezer akavua koti. Alikimbilia kichakani akarudi na matawi mawili, akayatupa kwenye maharage. Akarudi kuchukua mengine. Alipogeuka, yale mawili ya kwanza hayakuwepo, Goretti ameyaokota. Akatupa manne, mkewe akayafuata na ufagio. Wakazunguka hivyo shamba zima, mwanamume anachafua, mwanamke anasafisha, na kwaya yote imesimama kando haijui iimbe nini. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile Eliezer alijifunza kwamba uchafu nao ukishazolewa haumwagiki tena, angalau si mbele ya Goretti.

"Acha!" alisema Goretti mwishowe, akihema, machozi yakimtoka. "Sitamdanganya mgeni. Nilisafisha miye. Nitamwambia miye. Akitunyima, ametunyima kwa kweli."

"Na shamba?"

Goretti aliukumbatia ufagio wake kwa hofu. Getini gari jeupe la ofisi lilikuwa linaingia.

Ian alikuwa mrefu, mwekundu wa jua, na kamera shingoni. Aliangalia matuta yaliyofagiwa. Aliangalia akina mama waliopanga mstari kwa sare ya kwaya. Akaanza kusema neno, akalikatiza, akauliza kwanza, kwa aibu, kama anaweza kutumia kile choo.

Watu wote walimsindikiza kwa macho. Alikaa humo kwa muda. Alipotoka uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeona jambo asilotarajia katika maisha ya ofisi ya kilimo.

"Karatasi imekunjwa," alisema.

"Ndiyo," alisema Goretti. "Pembetatu."

Hapo akamwambia yote, kwa Kiingereza chake cha hotelini, Eliezer akijazia palipopungua. Kwamba alikatazwa na alielewa. Kwamba kwao mgeni hapokewi kwenye takataka, hata akiomba. Kwamba si kosa la mumewe, yeye alionya mpaka kidole kikachoka. Ian alisikiliza, akakuna kichwa. Akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba takataka zilizokwisha kuondolewa hawezi kuzilipia, hakuziona. Kisha akasema hajala tangu asubuhi.

Basi akaketishwa. Akala sambusa, akala samaki, akamegewa bugali na kufundishwa kuuchovya kwenye sombe, akaomba tena. Alipoegemeza kiwiko juu ya meza ili apumue, kitenge kikateleza kidogo. Akaona gome. Akaacha kutafuna. Akainua kitenge, taratibu, kama mtu anayefunua mgonjwa, akaona shina, na chini ya shina waya wa uzio na nguzo zilizovunjika. Akafunua zaidi. Ziliendelea na kuendelea.

"Mama," alisema, na mdomo wake bado una bugali, "huu ni uharibifu."

"Samahani," alisema Goretti upesi, "ulitushinda kuondoa."

Ian alicheka mpaka akapaliwa, Mama Uwimana akampiga mgongoni kwa mkono wa sauti ya kwanza. Mti umeangukia uzio, alisema akifuta macho, na hilo amelishuhudia, tena amekula chakula juu yake. Takataka, hapana. Uzio, ndiyo: atauombea msaada, na wakijibiwa ofisini waujenge, naye atarudi kuukagua. Eliezer alimshika mkono akautikisa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya Wamarekani. Goretti aliinama akachukua udongo kidogo, akaukaza kiganjani.

Lakini picha! Ian alitaka kupiga picha, akaomba sahani ziondolewe. Goretti akakataa katakata. Picha iende kwa wakubwa ikionyesha mti uchi na mgeni hajamaliza kula? Wakabishana kwa upole, mwisho Ian akapiga hivyo hivyo. Matokeo yake, wiki iliyofuata alirudi tena, mwekundu zaidi, kwa sababu mkubwa wake wa ofisini alitaka kujua kwa nini uharibifu una sambusa. Safari hiyo alikuta kwaya haipo, vitenge vimefuliwa, mti upo wazi. Goretti alisimama pembeni akiumia, akatazama pembeni kamera ilipolia, kisha akampa mgeni kuku wa kuchoma ale njiani.

Msaada ulikubaliwa. Wanaume wa kanisa wakakata mti, Mzee Rodney akaja na mashine ya kuchimbia nguzo akisema amekuja kutazama tu, akachimba mashimo yote. Kabla ya majani kupukutika uzio ulisimama, na kulungu wakabaki nje wakiangalia lengalenga kwa uchungu. Rodney aliutikisa kwa mkono, akatikisa kichwa kukubali, akawaambia kwamba mwakani waongeze eneo, wapande mpaka kwenye kisima chake.

Siku Ian aliyokuja kuukagua ilimkuta Goretti katikati ya mavuno. Alikuwa amesahau kabisa. Maharage yaling'olewa yakalundikwa, maganda yametapakaa hadi getini, magunia, ndoo, viatu vyake viko mbali na miguu yake. Mwenyewe alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ian alipita kando ya uzio akauona mzuri, akarudi akasimama kwenye maganda, akitabasamu, akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta kwa adabu sahani iko wapi.

Goretti alimwangalia, akauangalia uchafu. Mkono ulimwasha. Ufagio ulikuwa kwenye gari, hatua chache tu. Lakini kitu kikamjia ambacho hakijawahi kumjia. Kambini alikuwa mgeni, Fridley mgeni, hotelini anatandikia wageni. Kwa wenyewe kote alikopita alikuwa yule wa siku ya tatu, anayepewa jembe. Kumbe hapa, kwenye maganda haya, mgeni ni huyu mrefu. Mwenyeji ni yeye.

Akachukua jembe, akalipangusa mpini kwa upindo wa kitenge, akamkabidhi Ian kwa mikono miwili.

"Mama Rachelle!" Eliezer aliruka kutoka kwenye magunia. "Unampa mtu wa serikali jembe?"

"Amekuja mara ngapi?"

Eliezer akahesabu kwa midomo, zikatimia tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo hakuna Mswahili wa kulipinga, wala serikali.

Ian aliligeuza jembe huku na huku, akauliza aanzie wapi. Goretti akamwonyesha tuta la mwisho karibu na uzio, akarudi kwenye maharage yake akiimba, na maganda akayaacha palepale yalipokuwa.